Betri ya Meneja Ilikaa Mbele

Baada ya vita, kwetu Bukoba magari yaliadimika lakini betri za magari zilijaa. Malori yaliyokufa kwenye njia ya mpakani yalinyonyolewa kama kuku, na betri zake zikahamia chini ya vitanda vyetu. Huko ziliwasha redio na, kwa mwenye majivuno, taa moja. Betri ndogo za dukani hazikuonekana. Mhindi wa mwisho aliyebaki mtaani alikuwa akiuza nyembe na subira.

Nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha kukoboa kahawa, na Jumapili nilifundisha dini. Namshukuru Mungu kwa kazi zote mbili, ingawa ile ya stoo ndiyo iliyonieleza vizuri zaidi habari ya dhambi ya asili.

Kiwanda kilikuwa na jenereta. Kwa muda mrefu wafanyakazi waliomba waruhusiwe kuleta betri zao asubuhi, zichajiwe wakati wa kazi, na jioni warudi nazo. Meneja alikuwa akijibu kwamba jambo hilo linahitaji kutafakariwa. Likatafakariwa siku redio yake mwenyewe ilipozimika katikati ya mpira. Kesho yake tuliitwa mkutanoni tuelezwe jinsi uongozi unavyowajali wafanyakazi. Nikaombwa kufungua kwa sala. Nikaifupisha, Meneja akarudisha urefu uliopungua.

Mashine ya kuchajia ilikuwa moja. Betri zilipangwa juu ya benchi, waya ukitoka kwenye ya kwanza kuingia ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho, kama watu wanaopokezana ndoo ya maji. Katika mpango wa namna hiyo zote hupata sawa. Lakini sisi Wahaya tunajua vitu vinavyogawiwa: pombe ya ndizi, rubisi, ikiletwa, mkubwa huanza, na anayekaa mlangoni huridhika na harufu. Basi betri ya Meneja ikawekwa mbele, umeme umfikie ukiwa bado mtamu. Ikafuata ya mhasibu, kisha ya karani mkuu. Fundi wa jenereta, aliyejua kwamba mstari hauna mbele wala nyuma, alinyamaza kwa sababu alikuwa amepewa nafasi ya nne.

Ya mwisho kabisa, karibu na mlango, ilikuwa betri ya mama mmoja aliyechambua kahawa, jirani yangu wa Ijuganyondo.

Mume wake alikuwa dereva kabla ya kuugua ule ugonjwa mpya wa kukonda, tulioupa jina la kitambaa cha magendo. Tuliupa jina hilo kwa utani. Msibani tulisema kifua, tumbo, au kulogwa. Majirani hawakunywa maji nyumbani kwake. Lakini redio yake ndiyo pekee upande ule wa migomba, na kila jioni walikuja kusikiliza matangazo ya vifo. Walikaa mwisho wa ua, wakamwamkia kwa mbali, kwa adabu ya Kihaya, "Kaboneka waitu, unaendeleaje?" na hawakungoja jibu. Betri ilipoisha, wakaacha kuja. Mimi nilikwenda na rozari yangu, lakini huwezi kubishana mpira na rozari.

"Mwalimu," mama yule aliniambia, "haulizi tena dawa. Anauliza, watu wamekwenda wapi?"

Betri yake ilikaa kwenye benchi siku nzima, ikarudi nyumbani vile vile. Juma zima ikawa hivyo, na za wengine hivyo hivyo. Betri inayochajiwa hutoa vipovu. Hizi zilikaa kimya kama masista kwenye mafungo. Na kila aliyepita benchini aliona sababu. Betri ya Meneja ilikuwa imevimba ubavu, kichwani imeota unga mweupe. Ilikuwa imekufa, nayo ndiyo ya kwanza kwenye mstari. Ndoo ilishikwa hapo hapo mwanzoni.

"Imechoka kidogo," alisema mhasibu.

"Ina mafua," alisema fundi.

Ikaongezewa maji ya betri. Ikasuguliwa kwa majivu. Ikaanikwa juani saa ya chakula, ikarudishwa mbele. Tuliiuguza kama tulivyowauguza ndugu zetu: kwa bidii kubwa, bila kutaja ugonjwa.

Siku moja mama yule akaingia na betri yake kichwani, akamkuta Meneja amesimama benchini.

"Kaboneka waitu, Bwana Meneja."

"Habari za mgonjwa, mama? Kile kifua bado?"

"Si kifua. Ni ugonjwa huu huu unaotupeleka makaburini kila siku, na unaujua. Atakufa, nimekwisha kukubali. Lakini betri yako hii, waitu, imekwisha kufa. Itoe njiani, mume wangu asikie sauti za watu kabla hajaifuata."

Mhasibu akaangalia dari. Fundi akainama kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

"Betri yangu?" Meneja alisema. "Hii imetoka kwenye lori la jeshi!"

"Lori lenyewe liko wapi, waitu?"

Mtu akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Kuiondoa betri ya Meneja mbele ilikuwa sawa na kumwondoa Meneja. Ikakatwa shauri kwamba ibaki pale pale, juu ya gunia safi, ila waya uanzie kwenye ya pili. Kabla ya chakula vipovu vikaanza. "Mnaona?" alisema Meneja. "Kilichohitajika ni utaratibu tu." Nilipoacha kazi, betri ile ilikuwa bado mbele, na wafanyakazi wapya walifundishwa kutoweka kikombe juu yake.

Jioni ile nilimbebea mama betri kwa baiskeli yangu. Redio ilipolia tu, majirani wakachomoza migombani.

"Kaboneka waitu, unaendeleaje?" kutoka mwisho wa ua.

Mgonjwa akajiinua kwa kiwiko kwenye mkeka wake, karibu na mlango. "Mmenikumbuka mimi, au mmemkumbuka msomaji wa habari?"

Wakacheka kwa aibu. Naye akapunguza sauti ya redio.

"Ongeza, bwana!"

"Betri za kiwandani hizi, hazina nguvu. Sogeeni."

Wakaja hadi barazani. Akapunguza tena. Wakavuka kizingiti. Matangazo ya vifo yalipoanza, walikuwa wamekaa juu ya mkeka wake, magoti yakigusana, mmoja amemshika bega asiteleze. Mama akanitazama. Betri ilikuwa imejaa. Sote wawili tulikuwa tumeiona ikitoa vipovu tangu kabla ya chakula.

"Hata sasa hatusikii vizuri," alilalamika aliyemshika bega.

"Basi njoo karibu zaidi," alisema mgonjwa, na kidole chake kikarudi kwenye kitufe cha sauti.