Muuguzi Anayesema na Plasta

Muuguzi anayekuja nyumbani kunisafishia kidonda cha kifuani ana mikono mikubwa kama ya mfyatua matofali, lakini huifikicha kwanza ipate joto kabla hajanigusa. Akibandua plasta huisemesha hiyo plasta, si mimi: "Toka taratibu, mwenzio ngozi yake karatasi." Juzi nilijipaka poda kifuani, juu ya kile kimashine cha moyo kilichofukiwa chini ya ngozi, asione wekundu. Nilijua hospitali wakiona usaha watakitoa, na bila hicho moyo wangu hugoma. Akaipangusa poda polepole.

"Bibi, leo umejirembesha kwa ajili yangu?"

"Nani kakudanganya? Jasho hilo."

"Jasho linanukia waridi?" Akacheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Wadudu wameingia, bibi yangu. Kimashine kikibaki watafuata waya mpaka moyoni. Kitoke, na waya zake, kisha uwekewe kingine upande wa pili."

Nikamwambia hospitali siendi, aende yeye. Hakubishana. Akavua glavu, akainama kuvuta viatu vyangu chini ya kitanda, akanivisha kimoja. Mimi, nisiyemruhusu hata binti yangu anifunge kamba za viatu, nikamnyooshea mguu wa pili.