Mshono wa Uzi Mkavu

Mashua ilibaki Mombasa, lakini tanga lake lilikuja Nairobi kwa treni, likalala kwenye nyasi za bwana mmoja wa mtaa wa Woodley kama ng'ombe aliyegoma. Nililisalimia. Halikuitika, basi nikalikanyaga, na kaka yangu akanirushia kiatu.

Fundi alikuwa yeye. Siku za kazi alishona mahema mjini, katika duka la Singasinga mmoja. Mama yetu alimpikia bwana huyo mpaka mama akafariki, nasi tukabaki katika chumba cha watumishi nyuma ya jiko: kitanda kimoja, miguu minne inayonuka. Tangu hapo, ukiniuliza mzazi wangu ni nani, nitakuonyesha yule mwenye shazia, ile sindano nene ya mahema, mdomoni.

Bwana alikuwa ametoka Shelisheli, upepo ukamchania tanga njiani. Sasa alitaka kwenda kisiwa cha Ngazija, halafu kile kikubwa cha Bukini. Alipoiona kazi ya kaka akamwambia wafuatane, awe anashona kila wakifika kisiwani. Kaka alikubali kabla sijamaliza kucheka.

"Wewe hata kuogelea hujui," nikamwambia.

"Naenda kushona, siendi kuogelea."

"Na mimi je?"

"Utakaa kwa baba mdogo, Kibera. Una shule wewe."

Tukaanza kufunga vyakula: mchele, biskuti ngumu kama vigae, ndimu, samaki wa mkebe. Nikauliza kwa nini mtu abebe samaki kuwapeleka baharini. Mayai tuliyapaka mafuta moja moja ili yasioze, nikasema yamependeza kama watoto wa kanisani Jumapili. Kaka alicheka hadi akaliweka yai chini. Nikaliokota, nikalipaka tena. Nani mwingine angenichekea hivyo?

Alikuwa amenifundisha kushona. Uzi unauvuta kwenye nta mara tatu, la sivyo chumvi ya bahari itaula. Jumamosi moja akaniachia mshono wa katikati, akaenda mjini kutafuta uzi zaidi. Nikaushona wote kwa uzi mkavu. Ulinyooka vizuri, hata mimi nilijisifu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: tanga lichanike palepale Mombasa, bwana akasirike, kaka arudishwe kwa treni. Kwamba lingeweza kuchanika katikati ya maji, na mtu yuko chini yake, halikunijia akilini kabisa.

Tena sikujua desturi moja ya washona mahema. Kabla ya kukunja, fundi hufumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya kila mshono, mwanzo hadi mwisho. Kaka akapiga magoti kwenye nyasi, akaanza. Gumba likafika katikati, likasimama. Macho hakuyafumbua.

"Huu mshono ni wa nani?"

"Wa panya."

Hakucheka.

"Nta iko wapi?"

Nikatazama viatu vyake.

"Ulitaka nife?"

"Nilitaka urudi."

Kisha akatoa wembe mfukoni, akaanza kufumua. Nikashika ule mwisho mwingine, nikafumua kwa kucha. Tulipomaliza akanikatia kipande cha nta, na tukaushona upya, kila mmoja kutoka upande wake, mpaka shazia zetu zikakutana. Sijawahi kushona vizuri namna ile. Kila tundu nililotoboa lilimpeleka mbali zaidi.

Barua imefika moja tu, kutoka Ngazija. Mayai yalidumu. Upepo uliwapiga siku mbili, tanga dogo likararuka vipande, lakini lile kubwa tulilolishona limeshika, na mshono wa katikati haukulegea hata kidogo. Kwa hiyo bwana ameamua wakitoka Bukini wasirudi, waendelee mbele. Mpaka wapi, kaka hakuandika.

Baba mdogo aliisoma kwa sauti, akanipiga bega. "Umesikia? Kazi yako hiyo, kijana! Jivune."

Nikasema ndiyo, ile kazi niliifanya vizuri sana. Kisha nikatoka nje, nikisema naenda kufunga kamba za viatu. Sina viatu.