Mashine Badala ya Fagio

Tarehe tatu mwezi wa sita mwaka huu nilimpoteza mume wangu. Alianguka asubuhi akiwa anafunga kamba za viatu, na kabla ya saa sita mchana hakuwepo tena. Tulimzika nyuma ya nyumba yetu huku Kiseke, kati ya jiwe kubwa na mti wa mkungu. Kaburi halijajengewa. Ni tuta la udongo na msalaba wa mbao.

Kwa ukoo wa mume wangu, mtu akifa fagio halishikwi. Siku ya mazishi mama mkwe alikusanya mafagio yote ya nyumba, akayafunga pamoja kwa kamba na kuyaweka juu ya kabati. Alisema kufagia kabla ya tanga kuondolewa ni kumtoa marehemu kama takataka. Yeye mwenyewe ndiye angerudi baada ya siku arobaini kuyafungua. Akaenda kwao Sengerema, akaugua miguu, na siku arobaini zikapita. Nilisubiri. Uchafu wa ndani nilikuwa nauokota kwa mkono, hilo halikatazwi. Lakini mkungu haukumsubiri mtu. Ulipukutisha majani mapana mekundu, na upepo wa ziwani ukayasukuma hadi kwenye jiwe, yakajaa pale na kulifunika tuta. Niliokota mpaka magoti yakavimba, na kesho yake yalikuwa yamerudi.

Asubuhi moja nilipita na ndoo ya maji nikakanyaga kitu laini. Nilikuwa nimesimama juu ya mume wangu. Msalaba ulikuwepo, ila ndoo ilikuwa imejaa na macho yangu yalikuwa kwenye maji. Niliruka, maji yakamwagika, nikakaa chini.

Zamani niliwahi kufua mashuka kwenye hoteli moja ya kando ya ziwa. Pale nilimwona mfanyakazi akisukuma majani kwa mashine inayopuliza. Nikawaza: ile si fagio. Haina njiti na haigusi chini. Niliwaza hivyo siku tatu, na kila mara nilijua natafuta njia ya kulizunguka katazo.

Siku ya nne nilikwenda mjini, duka la vifaa vya umeme. Muuzaji alikuwa kijana mwenye kofia iliyofumwa kwa mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Natafuta mashine ya kupuliza majani."

Akanipa kimashine kidogo kama kikaushio cha nywele. Mteja aliyekuwa akichagua taa akacheka. "Hicho cha kutolea vumbi kwenye kompyuta, mama. Majani yatakucheka."

"Wewe chagua taa zako," muuzaji akamwambia. Akashusha nyingine, ndefu, ina mdomo kama wa bata. "Hii kuku akipita mbele anasahau kwao. Ipo ya petroli pia, lakini nzito, na ina kelele. Ya betri bei yake utalia. Hii ya waya inakutosha. Soketi yako iko wapi, na majani yako wapi?"

Nilikuwa nimepima kwa hatua. Kutoka soketi ya sebuleni hadi jiwe ni hatua thelathini na moja. Sikumwambia kwamba kaburi liko pale.

Nikaonyesha ekstensheni nyeupe, nyembamba, iliyoning'inia ukutani. Nilikuwa na kama hiyo nyumbani.

"Hiyo ya kuchajia simu," alisema. "Mama, umewahi kunywa uji kwa mrija wa soda?"

"Hapana."

"Basi mashine hii ukiichomeka hapo itakuwa inakunywa uji kwa mrija. Itavuta, itavuta, waya utapata moto. Na kadiri waya unavyokuwa mrefu ndivyo nguvu inavyopotea njiani. Chukua huu mnene wa mpira, mita thelathini, una waya wa ardhi ndani. Ni wa nje. Ila usiupitishe kwenye maji, na pale plagi zinapokutana pakae pakavu. Halafu fungua wote kutoka kwenye gurudumu hili ulikozungushiwa. Usibakize hata mzunguko mmoja."

"Nisipofungua wote?"

"Waya utajipika wenyewe."

Mteja wa taa akacheka tena. Mimi sikucheka. Umeme nauogopa tangu utoto. Nilimwomba arudie yote polepole, akarudia bila kukasirika. Akaichomeka pale pale dukani, ikanguruma, makaratasi ya mezani yakaruka. Nikanunua vyote viwili.

Nyumbani nilikaa navyo siku mbili bila kuvigusa. Jumatano saa nne asubuhi nilivitoa. Ardhi ilikuwa kavu. Niliuvuta waya hadi kwenye jiwe, lakini kwa woga wa kuukanyaga niliacha mizunguko kadhaa kwenye gurudumu. Nikawasha. Majani yakainuka, yakakimbia. Uwanja ukaanza kuonekana. Baada ya muda nikakumbuka, nikazima, nikaenda kushika gurudumu. Lilikuwa la moto kama paji la mtoto mwenye homa. Nikachomoa, nikafungua wote hadi mwisho, nikangoja upoe. Nikawasha tena, nikawa nasogea kuelekea kaburini. Zilibaki hatua kama nne hivi.

Kwa kelele ile sikusikia mtu akibisha hodi. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, fimbo mkononi, mkoba begani. Alikuwa amevuka na kivuko cha Kamanga asubuhi hiyo bila kumwambia mtu. Nikazima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaitazama mashine. "Unapuliza dawa ya mbu?"

Alikuwa anauliza kweli, hakunitega. Ningeitikia tu, na jioni angeyafungua mafagio.

"Hapana, mama. Inafagia. Inafagia kwa upepo."

"Kwa hiyo umefagia."

"Nimefagia, mama. Nilijiambia si fagio, lakini nilijua."

Akaitazama njia aliyojia. Nilidhani ataondoka, na kwamba ukoo wote utasikia nimemtupa mtoto wao nje kama takataka. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kuhusu ndoo. Nikamwambia, "Nilimkanyaga, mama."

Akauweka mkoba chini.

"Tanga nilikuja kuliondoa leo," alisema. "Sasa haliondoki. Tunaongeza siku saba, na nitakaa nazo hapa hapa. Una kitanda?"

"Kipo."

"Na huyo mdudu mtoe hapa, ananitazama."

Nikachomoa plagi, nikauviringisha waya, nikaviingiza vyote ndani. Niliporudi nilimkuta amepiga magoti kando ya tuta, miguu yake ile ile inayomsumbua, anaokota majani na kuyaweka kwenye khanga yake.

"Mama, acha, nitaokota mimi."

"Wewe shika upande wa miguu. Kichwa ni changu, nilikizaa mimi."

Tukaokota. Ilipofika saa nane udongo ulikuwa unaonekana wote, kutoka msalabani hadi mwisho. Akaniomba maji ya kunawa, nikamletea.