Mafuta ya Cherehani kwenye Glavu za Komeo

"Mama, hizi ni glavu za kudakia mpira, si cherehani yako!"

"Zilikuwa zimekauka kama ngozi ya kenge, nikazionea huruma. Siku hizi huruma nayo ni kosa?"

Komeo alizitupa glavu juu ya meza ya kukatia nguo. Zikateleza zenyewe mpaka ukutani kama zinakimbia kesi. Hapo hata mama yake, fundi mwenye jibu la kila kitu, alikohoa kidogo.

Jina la Komeo alipewa na mashabiki, maana akisimama golini hata mbu huzunguka kutafuta njia nyingine. Kazi yenyewe aliianza akiwa mlingoti. Kaka zake walikuwa na kiatu kimoja cha kuwekea alama ya goli, cha pili wakakikosa, wakamsimamisha dada yao. Mlingoti gani utapigwa na mpira kutwa unyamaze? Akaanza kudaka.

Alipofika kwenye mpira wa kulipwa, loo, heshima aliyokutana nayo! Wanaume walikuwa na chumba chao cha kubadilishia nguo, wanawake wakapewa stoo wabadilishe pamoja na mafagio. Jezi waliachiwa zilizochokwa na wanaume, kila moja inawaenea wachezaji wawili na mtoto mgongoni. Ndiyo maana mama mtu alipata tenda ya kuzipunguza. Mwaka ambao Komeo alikuwa mchezaji bora, mwenyekiti wa klabu alihutubia mpaka vivuli vikahama, kisha akamkabidhi sufuria. Mwenzake wa timu ya wanaume alipewa pikipiki. Labda walihofia Komeo angeidaka. Na huyo ndiye aliyeokoa penalti kwa uso, mpira ukapelekwa hospitali!

Sasa, kwenye nusu fainali, mvua ikinyesha, mipira miwili ya kitoto ilimponyoka kama sabuni bafuni. Timu ilishinda kwa kuponea tundu la sindano, lakini mashabiki walishapata cha kusema: "Bibi amechoka, apumzishwe." Kocha naye akasema fainali ataifikiria. Kila mtu aliilaumu mvua au uzee. Leo, jua kali, glavu kavu, Komeo akadaka mpira uani, ukateleza vilevile. Akanusa kiganja. Harufu ile amekua nayo tangu anatambaa chini ya cherehani.

"Twende kwa kocha ukamwambie, mama. Fainali ni keshokutwa."

"Nikamwambie nini? Kwamba fundi wa jezi za klabu nzima ametia glavu mafuta? Nani ataniletea tena hata kifungo? Nitachekwa mpaka misibani."

"Kwa hiyo bora mimi niitwe bibi kizee?"

"Uzee ni heshima, mwanangu."

"Heshima! Juzi mteja kakuita bibi, ukamshonea suruali mguu mmoja mfupi!"

"Yule alikuwa na mguu mfupi."

"Alikuja na mfupi au aliondoka nao?"

Mama alifungua mdomo kujibu. Pazia la mlango likafunuliwa.

Kocha aliingia, jezi namba moja kwapani, nyuma yake kipa wa akiba, mwembamba kama uzi.

"Shikamoo, mama. Naomba jezi hii uipunguze imkae huyu, maana fainali..." Macho yake yakamwona Komeo.

Komeo aliitazama ile namba moja mgongoni mwa jezi. Mama yake ndiye aliyeishona, tena mara mbili ili isibanduke.

Mama alichukua futi kamba, akaizungusha mabegani mwa binti wa watu. Akasita. Akaitoa. Akaenda ukutani akaokota glavu.

"Marahaba, baba," alisema. "Kabla sijapunguza jezi ya mtu, hebu vaa hizi. Wewe mwanangu, mrushie mpira."