Kioo Nilichokikunja kwa Goti

Nataka ifahamike tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa kuchekwa. Katika mtaa wetu hapa Tabora, nilipokuwa nikipita mbele ya vijana waliokaa kibarazani, redio ilipunguzwa sauti na miguu ilikunjwa, nami nimeishi hivyo miaka mingi nikiamini kwamba heshima hiyo nimeijenga kwa nyundo, kama nilivyozijenga ndoo, karai na mifereji ya mvua ya nusu ya nyumba za mji huu. Siku hizi vijana hao hao wakiniona hukohoa kwanza, kisha mmoja huniuliza kwa upole uliozidi kiasi, "Babu, leo unaona mbele?" Kwa kuwa kila mmoja anaisimulia habari hii kwa namna yake, na kwa kuwa mimi sikwenda shule hata niiandike mwenyewe, nimemketisha hapa mjukuu wangu Tatu aiandike kama ilivyokuwa. (Andika, Tatu. Umeanza kucheka kabla hatujafika popote.)

Mjukuu wangu mwingine, Shabani, alimpata mchumba huko Lusu, upande wa Nzega, binti aitwaye Kabula, na wazee wa binti wakatuita tupeleke barua ya posa siku ya Jumapili. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuongoza ujumbe, maana katika ukoo wetu hakuna anayeweza kukaa kimya kwa uzito kama mimi. Siku nne kabla ya safari, jiwe lililorushwa na lori likakipasua kioo cha mbele cha pikapu yangu, na fundi vioo wa jirani, kijana aitwaye Idrisa, akaniambia kwamba kioo cha gari la umri ule hutafutwa Dar es Salaam, nacho kisingefika kabla ya wiki mbili. Mtu mwenye akili angeazima gari. Mimi nikaona pale kibandani kwake karatasi kubwa ya polikaboneti, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga ambayo watu huezekea vibaraza, nikaigonga kwa ukucha, nikaipenda sauti yake, nikasema kioo changu nitakitengeneza mwenyewe.

"Babu, niachie mimi nikukunjie," alisema Idrisa. "Hii inataka kupashwa moto polepole. Matundu ya bolti yawe mapana kidogo, maana ikipata jua inatanuka. Na usije ukaifuta kwa petroli hata tone moja. Maji na sabuni tu."

"Idrisa, mimi nimeanza kukunja bati kabla baba yako hajaota meno."

"Lakini hili si bati, Babu."

"Linakatwa?"

"Linakatwa."

"Linakunjwa?"

"Linakunjwa, ila—"

"Basi ni bati."

Nikalibeba hadi karakana yangu. Nilianza na mkasi wa bati, ukaikatakata kingo kama iliyotafunwa na mbuzi, nikahamia msumeno wa chuma, nikaichora, nikaikata, nikaisugua kwa tupa hadi ikalainika. Moto sikuuwasha. Niliikunja baridi, kwa goti na kwa hasira, nikatoboa matundu yaliyozibana bolti sawasawa bila nafasi ya unywele, kisha nikazikaza hadi karatasi yenyewe ikatoa mlio kama mlango wa ghala. Shemeji yangu Kapera, kaka wa bibi yenu, ambaye tangu nimwoe dada yake hajawahi kuninyamazia, akaja akakitazama kwa muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "mbona kioo chako kimenuna?"

Jioni ile nililizungusha gari mtaani mara tatu bila kuwa na pa kwenda.

Jumapili tukaondoka, mimi na Kapera mbele, mashangazi wawili nyuma juu ya godoro wakiwa na kapu lenye barua, na katika lami yote hadi Nzega kioo kilitulia kabisa, nami sikuacha kumkumbusha Kapera kwamba kimetulia. Tulipoiacha lami kuelekea Lusu vumbi likatufunika, na tulipobakiza mwendo mfupi kufika kwa wakwe nikasimamisha gari nikifute, kwani niliona si adabu kuposa kwa kioo kichafu. Sasa, sisi mafundi wa bati tuna desturi yetu: chombo kikishakamilika, hakimfikii mwenyewe kabla hakijafutwa kwa kitambaa chenye petroli, ndipo king'ae. Chupa ya petroli huwa chini ya kiti changu daima.

"Shemeji, Idrisa si alisema—"

"Idrisa yupo hapa?"

Nikafuta. Niliifuta vizuri, kona hadi kona, kama ninavyofuta kazi ya mteja ninayemheshimu. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili kiling'aa. Kisha kikafanya tak. Kikafanya tak tena, pale kilipojikunja zaidi, halafu mistari myeupe ikaanza kukimbia kutoka kwenye kila bolti, ikakutana katikati, na ukungu ukatanda kote kama uji uliomwagika.

"Kinafanya nini?" aliuliza Kapera.

"Kinakauka."

Hapo ningeweza kushuka na kwenda kwa miguu. Lakini wenyeji walikuwa wamekwisha kutuona, vigelegele vilikuwa vimeanza, na mimi nikaona kwamba kiongozi wa posa hashuki garini vigelegele vikiendelea. Nikamwamuru Kapera atoe kichwa dirishani anielekeze.

"Kulia. Kulia kidogo. Hapo kuna ng'ombe, mwache apite. Haya, nyoosha, nyoosha, uko uani sasa. Simama. Simama, shemeji, wametandika!"

Nilisikia neno simama, sikusikia kimetandikwa nini, nikakata usukani kwa nguvu zangu zote ndipo nikakanyaga breki. Nikatoa kichwa nje. Magurudumu ya mbele yalikuwa juu ya mkeka mpya, mpana, wa ukindu wa rangi tatu, aliousuka Kabula mwenyewe kwa ajili ya wazee wa kwetu kukalia siku ile. Mkeka ambao hata mtoto haukanyagi na viatu mimi nilikuwa nimeukanyaga na matairi, na kwa kule kukata usukani nilikuwa nimeupasua kutoka ukingoni hadi katikati.

Vigelegele vilikoma. Bibi yake Kabula, mwanamke mdogo wa umbo aliyejifunga khanga mbili, akausogelea mkeka, akauinamia, akainuka.

"Wageni," akasema, "tulisema karibuni mkekani. Gari hatukulitaja."

Baba wa binti, Mzee Masele, akatusalimu kwa utulivu ulionitisha kuliko ukali. Hatukukaribishwa kuketi. Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Hiki kimepatwa na nini?"

"Jua," nikasema. "Jua la huku ni kali mno."

"Shemeji," alisema Kapera, "jua halinuki petroli."

(Mashangazi walicheka, ndiyo. Liandike.) Mzee Masele hakucheka. Akaniuliza kama fundi aliyeniuzia hakunionya, nami kabla sijatunga jibu Kapera alikuwa amekwisha kusimulia yote, kuanzia mkasi hadi chupa chini ya kiti.

"Gari si hoja," alisema Mzee Masele. "Mkeka nao husukwa mwingine. Ninachoogopa ni kumpeleka binti yangu katika nyumba ambayo mkubwa wake akiambiwa hasikii. Huko atasema nini, na nani atamsikiliza?"

Moyoni nilimwona Shabani wangu kule Tabora, amekaa karibu na simu akisubiri habari, na harusi yake yote imelala chini ya tairi langu. Nikavua kofia. "Nimekosea," nikasema. "Niliambiwa, nikakataa kusikia." Maneno hayo sijapata kuyatamka hata kwa bibi yenu.

Bibi wa Kabula akasema barua isubiri kapuni. "Mkeka ukipona tutaisoma. Na atakayeuponya ni yeye."

Kabula mwenyewe akaitwa, akaja na ukindu na sindano, akaketi mkabala nami, na mimi, mzee wa mvi zote hizi, nikawekwa chini mbele ya ujirani mzima kujifunza kushona mkeka.

"Babu, hapo umeruka. Fumua."

Nilifungua kinywa kumweleza nilianza lini kazi za mikono. Nikakifunga. Nikafumua. Nilifumua mara tatu, na mara ya nne kabla hajasema. Jua lilipoanza kushuka mshono ulikuwa umefika ukingoni, umepinda kama njia ya mbuzi, lakini umefika. Ndipo Mzee Masele akaipokea barua kwa mikono miwili, akamgeukia binti yake, akamuuliza kama anaikubali nyumba ile.

"Naikubali," alisema Kabula. "Babu anafundishika."

Tulirudi bila kioo, wadudu wakitupiga usoni hadi Tabora, na Kapera akiimba. Tangu siku hiyo nimeapa: petroli naitia kwenye tangi tu, na kijana akinieleza jambo la kazi yake namvumilia hadi afike mwisho wa maneno yake. Namvumilia tu, Tatu. Usiandike kwamba namkubalia.