Sauti Iliyotoka Kinywani Mwangu

Mimi nimewahi kujiona kwenye pazia la sinema, uso wangu umejaa ukuta mzima, nimefungua mdomo kusema... ikatoka sauti ya mtu mwingine.

Si utani. Wala sikuwa nimelewa.

Kushoto kwangu alikaa baba yangu mzazi, kavaa suti aliyoolea. Nyuma yetu nusu ya mtaa. Wote niliwaalika mimi, kwa mdomo huu huu.

Tulieni niwape mkasa wote. Mjukuu wangu ndiye anachapa, mimi naropoka tu.

Naitwa Wendell Quan. Nimezaliwa Los Angeles, mtaa wa Wachina, chumba cha juu ya mgahawa wa baba. Kiingereza nilikinyonya na maziwa. Ukinisikia kwenye simu bila kuniona, utadhani ni kijana wa wafuga ng'ombe kutoka Kansas.

Tatizo likawa kuonekana.

Miaka ya hamsini nilikuwa mwigizaji. Yaani ndivyo nilivyojiita. Filamu za vita, nilikufa. Filamu za wapelelezi, nilibeba trei, nikafungua mlango, nikafa tena.

Neno la kusema? Hakuna. Nilikuwa bubu mwenye suti nzuri.

Ndipo ikaja filamu ya reli.

Unazijua zile filamu za kofia pana, farasi na bunduki kiunoni? Sasa hii ilihusu wale waliotandika reli kuvuka milima zamani. Na waliotandika wengi walikuwa Wachina, kwa hiyo wakaja kutuzoa mtaani kwetu kama mchele.

Nikachukuliwa mimi, pamoja na rafiki yangu wa tangu shule, Elmer Louie. Elmer alikuwa kituko. Aliweza kumuiga yeyote: mchungaji, polisi, mama mwenye nyumba. Ukifumba macho unaapa ni mwenyewe.

Elmer akapewa nyundo abebe. Mimi nikapewa maneno.

Maneno, jamani! Handaki linaporomoka, wenzetu wanafukiwa, mimi kiongozi wa Wachina namwendea bosi wa reli, namtazama usoni, nasema:

"Watu wetu wanane wako chini ya mawe. Hatutandiki reli nyingine mpaka tuwatoe."

Basi. Hayo tu. Niliyafanyia mazoezi mpaka kioo kikachoka kuniangalia.

Baba alikuwa jikoni anakatakata vitunguu. Akauliza, "Unagombana na nani huko?"

"Na bosi wa reli, Baba."

"Mwambie na mimi nimekasirika."

Tukaenda kupigia filamu jangwani, Nevada. Jua la huko halina adabu. Bosi wa reli alikuwa Royce Tolliver, nyota mwenyewe, mtu wa kufutwa jasho na watu wawili. Mwongozaji aliitwa Bwana Brandt.

Zamu yangu ikafika. Nikasogea. Nikasema maneno yangu yote, polepole, bila kukosea.

"Kata!" Brandt akaja. "Wendell, kijana wangu, unaongea kama wakili."

"Asante, bwana."

"Sikusifii. Ongea kama Mchina."

"Mimi ni Mchina."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Sikiliza. Sema hivi: 'Bosi! Watu nane iko chini ya mawe! Sisi hapana tandika reli!' Halafu sauti ipandishe juu. Juu kabisa, kama bata."

Nikaangalia nyuma. Wenzangu wote wamesimama na nyundo zao, watu wazima, baadhi wana wajukuu. Wananiangalia.

Kamera ikaanza. Nikasema vilevile kama mwanzo.

"Kata!"

Tukarudia. Nikasema vilevile.

"Kata! Kata!" Tolliver akavua kofia akaitupa chini. "Huyu mtu anataka nifie hapa?"

Tukarudia tena na tena, mpaka koo langu likawa kama limekunwa na msasa. Nilijua wanaweza kunifukuza wakati wowote. Nilitaka kulia. Lakini bata hakutoka.

Mwisho Brandt akanikazia macho, halafu akatabasamu.

"Sawa, Wendell. Sema unavyotaka."

Nikasema nilivyotaka. Nikasema kama mtu aliyefiwa. Hata wale wawili wa Tolliver walisahau kumfuta jasho.

"Kata. Tumepata."

Wazee walininyanyua juu juu! Elmer peke yake ndiye hakupiga kelele.

"Wen, huyu amekubali kirahisi mno."

"Elmer, acha wivu. Umepewa nyundo, beba nyundo."

Akaiweka begani, akaondoka.

Filamu ilipotoka nilitangaza mtaa mzima. Muuza samaki nikamwambia, kinyozi nikamwambia. Jumapili mchana baba akafunga mgahawa, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya msiba wa mama. Elmer akasema haji, jino linamuuma.

Tukakaa. Sinema ikaenda. Handaki likaporomoka.

Nikatokea mimi, na vumbi langu. Mama Yee wa duka la mboga akanifinya bega kwa nyuma, furaha imemjaa. Nikafungua mdomo kule ukutani.

"Bosi. Watu yetu nane iko chini ya mawe. Hapana tandika reli. Kwanza toa watu."

Sauti nzito. Ya taratibu. Ya mtu mzima aliyekuja nchi hii na meli.

Haikuwa yangu.

Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Miaka yote ile nangoja neno moja, na hilo moja wamelichomoa kinywani mwangu wakapachika la mtu mwingine!

Mama Yee akaniinamia sikioni. "Wendell, mbona umeongea kama baba yako?"

Kweli. Ilikuwa kama baba kabisa. Ila mwishoni mwa kila sentensi kulikuwa na kapumzi kadogo puani, na kapumzi kale nilikajua tangu darasa la pili.

Elmer.

Nikainuka. Sijui nilikanyaga miguu ya nani na nani. Nikatoka mbio mpaka chumbani kwake, nikagonga mlango nusura niung'oe.

Akafungua. Jino halikuwa linamuuma. Nikalipa sababu ya kuuma.

Alianguka kwenye kitanda, ameshika shavu. Hakunirudishia.

"Ongea!" nikamwambia. "Si una sauti nyingi wewe? Chagua moja!"

"Wen, Brandt alipanga tangu kule jangwani. Alikuacha useme utakavyo kwa sababu alishaamua kukubadilisha sauti."

"Na wewe ukaenda."

"Walishampata mchekeshaji wao, yule mzungu wa redioni anayelia kama bata. Mimi waliniita kujaribu tu, kwa vile mimi ni bei rahisi. Maadamu maneno yamevunjika, wakaridhika. Ningekataa, leo ungefungua mdomo mbele ya baba yako ukalia kwaa-kwaa."

"Ungeniambia!"

"Nilitaka. Nikakatazwa."

"Na nani?"

Elmer akatema damu kwenye leso. "Kamuulize mwenye sauti yake."

Nilikaa pale kama nimepigwa mimi.

Nikamkuta baba mgahawani. Bado yuko na suti, kaifunga aproni juu yake, anachemsha tambi.

"Ulijua?"

"Nilijua." Hakugeuka. "Elmer alikuja hapa analia. Akasema, mzee, nifundishe kuongea kama wewe, lakini watu wasicheke. Nikamfundisha. Nikamwambia, maneno yamevunjika, haya, hata yangu yamevunjika. Lakini mtu aliyefukiwa watu wanane hapandishi sauti. Anaishusha."

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ungeenda kupigana nao. Wangekikata kipande chote."

"Bora wangekata!" Nikapiga meza, bakuli zikaruka.

Ndipo akageuka. "Babu yangu alitandika reli kwenye ile milima. Wengine wa kijiji chetu wamebaki kule kule, hata mifupa haikurudi. Leo nimekaa kati ya watu wote wale nasikiliza kama kuna atakayecheka. Picha yenyewe sikuiangalia. Hakuna aliyecheka, Wendell. Hata mmoja."

"Ile ilikuwa zamu yangu, Baba."

Akafuta mikono kwenye aproni, muda mrefu.

"Najua," akasema. "Wamekuibia. Mimi nimezuia tu wasikucheke."

Akaniwekea tambi mezani. Sikula.

Kesho yake nikaenda studio. Mlinzi akaniambia Bwana Brandt yuko Meksiko. Gari lake nililiona pale pale kwa ndani ya geti, dereva analipangusa vioo.

"Meksiko yenyewe ndiyo hii?" nikamuuliza.

"Kijana, usinitafutie matatizo. Nenda nyumbani."

Nikaenda nyumbani. Ningefanya nini? Kupiga geti?

Wiki iliyofuata baba akataka kuiona tena ile filamu. Nikakataa. Akavaa viatu, akasimama mlangoni, akaningoja. Mnamjua mzee wa aina hiyo. Tukaenda, tena tukampitia Elmer na shavu lake lililoumuka kama andazi. Baba akakaa katikati yetu.

Kipande chetu kilipofika, nilimwangalia baba badala ya ukuta. Midomo yake ilikuwa inacheza, inafuata neno kwa neno.

Mdomo wangu, koo la Elmer, moyo wake yeye. Watu watatu tumemjenga Mchina mmoja.

Mwisho yakapita majina ya waigizaji. Tolliver juu kabisa. Yule dada mrembo. Mwizi, daktari, muuza pombe. Halafu likatokea jina la farasi wa Tolliver, kwa herufi nzuri kabisa.

Sisi hatukuwepo.

Baba, ambaye kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha, akauliza, "Huyu wa mwisho ni nani?"

"Farasi, Baba."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Sasa?"

Elmer alianza kucheka, huku ameshika shavu kwa maumivu. Nikafuata mimi. Tulicheka kicheko kibaya, cha machozi, mpaka mwenye tochi wa ukumbini akaja kututoa. Baba alikuwa anatuangalia tu, bado anangoja jibu lake.

Sikupata neno lingine kwenye filamu. Nilikufa kufa mara kadhaa zaidi, kisha nikaachana nao. Elmer tulizeeka naye mpaka alipotangulia, na mgahawa niliurithi mimi.

Hasira ile bado ninayo, sitawadanganya. Ila nawaambia ninyi mnaonyimwa zamu zenu huko makazini, majumbani, popote: kabla hujarusha ngumi, angalia vizuri nani kasimama mbele yako. Aliyekuibia mara nyingi yuko nyuma ya geti, hufikii hata kola yake. Unayemfikia ni mwenzako, aliyekuwa anahangaika usije ukachekwa.

Ngumi yangu ilimfikia Elmer. Bwana Brandt siku ile alikula chakula chake vizuri, akalala.