Vigae Vina Wenyewe

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji lakini bado siaminiwi mtungi, tulihamishwa kutoka kwetu ziwani, tukapelekwa kuishi kando ya barabara ya Kasulu, si mbali na Kidahwe. Ulikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Sipendi kuusema wakati ule kwa ubaya mtupu, maana shule iliyonifundisha kuandika ilijengwa huko huko. Lakini kuhama ni kuhama. Tulishuka mtumbwini Kigoma mjini, tukapandishwa lori pamoja na mbuzi, vitanda, madebe ya mawese, na Bibi yangu, ambaye alianza kugombana na dereva kabla lori halijawashwa.

Bibi alikuwa mama mzazi wa baba. Alikuwa mfupi, mvutaji wa kiko, mkali kwa kuku na kwa watu, na aliamini mambo mengi kwa nguvu zake zote. Kwake hakukuwa na kitu kilichotokea bure. Ukijikwaa kuna sababu, mbwa akilia kuna sababu, na sababu yenyewe yeye anayo. Nilimwogopa na nilimpenda, na mpaka leo sijui nilifanya lipi zaidi.

Mama alikuwa mfinyanzi. Kwao ni Kagunga, mpakani na Burundi, na alipoolewa alikuja na ufundi wake mikononi. Kule kwetu ziwani kijito kilichoshuka mlimani kilikuwa na udongo mweusi, mlaini, ambao Mama alisema ungeweza kuufinyanga ukiwa usingizini. Kila chungu alikitia alama yake chini ya mdomo, mstari wa ukucha wa kidole gumba uliozunguka chungu kizima, kama nyayo za jongoo. Siku ya kuhama vyungu vyake vilibaki vimepangwa nyuma ya nyumba, kwa sababu mwenye mtumbwi alisema hapakii vitu vya kuvunjika. Kilibaki pia chungu kidogo alichokifudikiza juu ya kaburi la mdogo wangu Dismasi, aliyefariki kwa surua kabla hajajua kutembea. Mama alitazama ufukweni mpaka mlima ukapaficha. Hakulia, na watu wote mtumbwini wakamsifu kwa kutolia.

Huko tulikohamia, kila nyumba iliamriwa kuchimba choo. Shimo la Baba lilipofika usawa wa kiuno, jembe likagonga vigae. Akatoa kimoja, akatoa kingine, na kila alipochimba viliendelea kutoka. Majirani nao wakavipata kwao. Vilikuwa vinene, vyekundu, vingine vyenye masizi ya moto uliowashwa na nani hakuna aliyejua, na vilikuwa na michoro ambayo hata Mama hakuwahi kuiona. Mahali tulipoambiwa ni pori jipya palikuwa mji wa watu. Wazee waliokuwa karibu na hapo waliulizwa, wakasema babu zao pia walivikuta vigae vikiwa tayari ardhini.

Bibi akatuita wote mbele ya shimo na kutoa kiko mdomoni, jambo alilolifanya kwa mambo mazito tu.

"Hivi vina wenyewe," alisema. "Mtu asiviingize ndani. Ukiingiza kigae ndani, mwenyewe anakifuata. Atakaa na wewe. Kwanza anakuchukulia sauti, halafu usingizi, halafu chakula. Mwisho anakuchukua wewe."

Sisi watoto hatukuhitaji kuambiwa mara ya pili. Tukawa tunaviruka kwa mbali.

Mama wala hakusikiliza vizuri, kwa sababu mawazo yake yalikuwa kwenye udongo. Alikwenda bonde la Luiche, akachimba, akabeba kichwani, akakanyaga, akafinyanga vyungu vya kutosha soko zima. Nilifurahi kuona mikono yake imechafuka tena. Siku ya kuvichoma alivifunika kwa nyasi na magome kama alivyozoea, akawasha. Baada ya muda tukasikia pa! Halafu pa! tena, na tena, mpaka kuku wakakimbilia uvunguni. Hakikupona hata kimoja. Mama aliketi pale pale mpaka majivu yakapoa, na alipoinuka hakusema neno na mtu.

Kuanzia siku ile akawa anaokota vile vigae vya zamani. Alizunguka kwenye mashimo ya majirani akiviweka kwenye pindo la kitenge, akaja navyo, akavilundika nyuma ya mlango wa chumba chao. Bibi alipiga ukelele, lakini Mama alipita mbele yake kama hayupo.

Basi, maneno ya Bibi yakatimia, tena kwa mpangilio ule ule. Sauti ya Mama ilikwisha kwanza. Nilimsalimia asubuhi, akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Halafu usingizi ukamhama. Baba alimkuta kila alfajiri ameketi karibu na vigae vyake, macho makavu. Halafu chakula. Ugali ulipoa mbele yake, samaki alipoa, na Bibi, ambaye hakuwahi kumpikia mkwe wake, alipika ndizi kwa mawese, nazo zikapoa.

Majirani walisema wenyewe wameshafika. Wengine walishauri afungwe kamba asije akadhuru mtu, yeye ambaye hakuwa na nguvu ya kufukuza nzi. Aliletwa mganga, akala jogoo wetu, akaenda zake. Zahanati walimpa dawa ya malaria. Sisemi haya kuwacheka. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho.

Leo najua jina la ugonjwa ule. Unaitwa sonona, na najua jina hilo kwa sababu nami ulinipata ukubwani, nikiwa na kazi nzuri na nyumba yangu Rusimbi, Kigoma mjini. Siyo siri na sioni haya. Ulianza na sauti, ukafuata usingizi, ukafuata chakula. Niliponyamaza siku nzima kwa mara ya kwanza nilimkumbuka Bibi na kiko chake, nikamwambia mume wangu anipeleke hospitali haraka, kwa kuwa nilijua kinachofuata. Bibi alikosea kuhusu vigae. Kuhusu ugonjwa wenyewe hakukosea hata kidogo. Yeye alianza kuuhesabu siku kigae cha kwanza kilipoingia ndani, mimi nauanzia mtumbwini, pale watu walipomsifu Mama kwa kutolia.

Baba Mkubwa, kaka yake Baba, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Akaja, akaketi, akatoa uamuzi.

"Huyu arudishwe kwao Kagunga," alisema. "Kesho kuna boti inayokwenda huko. Mtoto ni wetu, atabaki."

Baba aliinamisha kichwa. Bibi hakusema kitu. Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi, nimesimama mlangoni, na nakumbuka niliushika mwimo wa mlango kana kwamba mimi ndiye ninayesafirishwa. Niliogopa vibaya sana. Nilijua watu waliopelekwa kwao kwa namna ile hawarudi, na kwamba nitakua nikiambiwa kuwa mama yangu alichukuliwa na watu wa vigae.

Asubuhi yake Bibi alikuja na tenga ili vile vigae vikatupwe kabla ya safari. Alikuwa amejifunga majani ya mgomba mikononi ili asiviguse. Mama aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akimtazama. Bibi aliniamuru nisivuke kizingiti. Nilitii kwa miguu, lakini mdomo wangu haukuwahi kujua kutii.

"Bibi, wenyewe walikwenda wapi?"

"Nani anajua? Waliondoka."

"Wote?"

"Wote. Hata jina hawakuacha."

"Na vyungu wakaviacha?"

"Si unaviona?"

Nikafikiri. Katika maisha yangu nilikuwa nimeona njia moja tu ya watu wote kuondoka kwa mara moja na kuacha vyungu.

"Basi walipakiwa lori," nikasema.

Bibi akageuka kunikemea, lakini kabla hajafungua mdomo tulisikia sauti. Mama alikuwa anacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, cha kukwaruza, cha koo lililokaa bila kazi, na kilitoka kidogo kidogo.

"Na dereva akawaambia hapakii vitu vya kuvunjika," akasema.

Halafu kicheko kikageuka, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kifua kizima, kama alivyopaswa kulia mtumbwini. Alisema amemwacha Dismasi peke yake. Amemwacha pale na chungu kimoja tu, hakuna wa kumpalilia, hakuna hata wa kupita na kusema hapa amelala mtoto. Alilirudia jina lile ambalo hakuna aliyelitaja nyumbani tangu tuhame, kwa kuwa wote tulidhani kutolitaja ndiyo huruma.

Nyumbani tulizungumza Kiha, na haya yote nayaandika kwa Kiswahili. Lakini neno moja naliacha kama lilivyo. Bibi aliweka tenga chini, akaketi sakafuni pamoja na mkwe wake, akasema, "Mwana wanje." Mwanangu. Hakuwahi kumwita hivyo. Siku zote alikuwa mke wa fulani au mama yake fulani.

Walikaa hivyo mpaka Mama akatulia. Ndipo Bibi, ambaye hakuweza kukaa bila kujua jambo, akauliza, "Sasa hivi vitu vya watu ulivitakia nini?"

"Kusaga," Mama alisema. "Udongo wa Luiche ni mnene mno, unapasuka. Ukisaga kigae cha zamani ukauchanganyia, unatulia. Kimeshapita motoni, hakishtuki tena."

"Mbona hukusaga?"

"Sina nguvu, mama. Naviokota, halafu nguvu inaisha."

Bibi akafungua yale majani ya mgomba, mkono mmoja, kisha wa pili. Alikwenda kwake, akarudi na jiwe lake la kusagia ulezi na kibuyu cha mawese. Akamwaga mawese kidogo chini.

"Ninyi wenye vyungu," alisema, akiangalia ardhi, "mkija kudai, njooni kwangu. Huyu bado mdogo na ana mtoto. Mimi ndiye niliyevichukua. Nyumba yangu ni ile pale."

Akashika kigae kwa mkono mtupu. Watu husimulia ujasiri wa askari, na mimi nimewahi kuona watu wakivalishwa nishani, lakini ujasiri nilioushuhudia kwa macho yangu ni wa ajuza aliyeamini kabisa kwamba anajiitia kifo, na bado akaweka kigae juu ya jiwe, akaanza kusaga.

Mama akasogea, akashika upande wa pili wa jiwe.

Baba Mkubwa alipofika, akiwa amevaa viatu vya safari, aliwakuta wanawake wawili wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

"Yuko tayari?"

"Haendi," Bibi alisema bila kuinua kichwa. "Ana kazi."

"Mama, tulishakubaliana."

"Ulikubaliana na nani? Mimi sikusema kitu. Sasa nasema."

Ndipo Baba, ambaye tangu jana alikuwa kama gogo, akachukua jembe na gunia, akapita katikati yao akaelekea bonde la Luiche kuchimba udongo. Nilimfuata mbio. Baba Mkubwa alibaki amesimama na viatu vyake.

Vyungu vile havikupasuka. Vichache vilipata nyufa, lakini vingine vilitoka motoni vikilia vizuri ukivigonga, vyenye chembe nyekundu za watu tusiowajua, na alama ya jongoo chini ya mdomo. Nisidanganye kwamba Mama alipona siku ile. Alianza kula, akaanza kulala, lakini ugonjwa ulirudi miaka kadhaa wakati wa masika, akanyamaza tena wiki nzima au zaidi. Ulipomrudia, Bibi alikuja na jiwe lake, akaketi karibu naye, akasaga peke yake bila kumlazimisha neno. Wenye vyungu hawakuja kumdai. Alikufa mzee sana, kiko mkononi, akimsema jirani.

Nami nilipougua nilimeza dawa zangu zote kama nilivyoelekezwa, na ninawashukuru waliozitengeneza. Lakini najua pia kilichonivusha. Mume wangu alihamishia kiti chake chumbani, akawa anachambua maharage pembeni yangu kila jioni. Hakuniuliza chochote. Nilipouliza ni nani alimfundisha hivyo, alisema ni mimi, siku nilipomsimulia habari ya Bibi.

Mwaka ambao Mama alitutoka, nilikodi boti ya uvuvi nikaenda kwetu kwa zamani. Sasa ni mahame. Migomba imekuwa msitu, nyumba hazipo, ila kijito kipo na udongo wake. Nilitafuta mpaka nikaona, chini ya magugu, vigae vidogo vya chungu kimoja, na juu ya kimojawapo nyayo za jongoo zikipita. Nikapiga magoti nikaanza kupalilia kwa mikono.

Msichana mdogo aliyekuwa akikusanya kuni alisimama juu yangu. Kwao ni kambi ya wavuvi iliyo karibu.

"Shikamoo, mama. Usiviguse vigae hivyo. Bibi anasema ni vya watu wa kale, vina wenyewe."

"Marahaba. Bibi yako anasema kweli," nikamjibu. "Mwenyewe ni mimi."

Alinikagua kutoka kilemba hadi viatu.

"Mlikwenda wapi?"

"Tulipakiwa lori."

Akacheka sana, akidhani namtania. Akaweka kuni zake chini, akaanza kunisaidia kung'oa magugu, nami nikamwambia jina la mtoto aliyelala hapo.